Watoto Wetu Wenye Ulemavu na Haki Yao ya Elimu



Mwezi huu tulikusudia kuendelea na mlango wa malezi ya watoto waliokaribia kubaleghe, lakini imetufikia barua ya mama mmoja wa pwani yetu hii, nasi tumeona haifai kuiweka mpaka zamu yake ifike. Mama huyu ana mtoto mwanamume wa miaka saba. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alipatwa na homa ya uti wa mgongo, Mwenyezi Mungu akamponya, lakini masikio yake hayakurudi. Leo hasikii wala hasemi. Mama ataka kumpeleka shule ya viziwi, na mumewe amekataa. Asema kwamba shule ile ni ya bweni, na mtoto atapotea dini yake huko. Kwamba mtoto wa namna hii ameondolewa kalamu, basi ya nini kumsumbua kwa elimu. Na kwamba kukaa kwake ndani ndiyo sitara yake na sitara ya jamaa. Mwalimu wa chuo cha mtaani naye amemrudisha, kwani, asema, vipi atamsomesha herufi asiyesikia sauti ya herufi? Na sasa mama auliza: je, nitakuwa nimemuasi mume wangu nikimtafutia mwanangu elimu?

Barua hii imeandikwa na mmoja, lakini wenye khabari yake ni wengi. Hakuna mtaa katika miji yetu usiokuwa na nyumba yenye mtoto asiyeona, au asiyesikia, au mwenye mtindio wa ubongo, au mwenye akili iliyochelewa. Na aghalabu jirani wa mlango wa tatu hamjui. Kwa hivyo jibu letu tutalitoa kwa mama huyu na kwa wenziwe wote.

Tuanze na hili la kalamu, kwani ndilo lenye kutumiwa vibaya zaidi. Hadithi yenyewe ni mashuhuri, na waliotajwa humo ni watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenda wazimu mpaka akili imrudie. Kiziwi hakutajwa. Kipofu hakutajwa, wala kiwete. Mtoto huyu akibaleghe na akili yake i timamu, sala itamwajibikia, na saumu itamwajibikia, na halali na haramu vitamhusu kama vinavyomhusu babake. Basi atajuaje kusali ikiwa hakufunzwa? Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kwamba aliyezaliwa haoni wala hasikii, hata ikawa wito wa dini hauna njia ya kumfikia, huyo haandikiwi. Tazameni walivyoipima hukumu: wameitundika juu ya kukosekana njia. Mtoto wa mama huyu ana macho mawili mazima. Njia ipo, ila hapana aliyesimama juu yake. Na mzazi anayemnyima mtoto lugha kisha akasema huyu haandikiwi kwa kuwa hajui kitu, amemfunga mlango kisha akamlaumu kwa kukaa ndani.

Na hata yule ambaye kweli kalamu imeondolewa juu yake, kwa kuwa akili yake haikukua, kule kuondolewa ni rehema kwake yeye, asihesabiwe kwa asiloliweza. Mlezi wake hakuondolewa kitu. Juu yake mna kumlisha, na kumsafisha, na kumfunza kila kidogo anachokiweza, kuvaa nguo, kujizuia haja, kujua sumu na moto. Imamu Muslim amepokea kwa Anas (r.a.) khabari ya mwanamke aliyekuwa na jambo katika akili yake, alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema ana haja naye. Mtume akamwambia achague njia yoyote ya mji apendayo, akaenda naye kando, akasimama naye mpaka mwanamke yule alipomaliza haja yake. Sisi leo tukimwona wa namna ile barabarani twavuka upande wa pili.

Ama kauli ya mwalimu wa chuo, kwamba asiyesikia hasomeshwi, hiyo ni kauli ya asiyepata kuona mfano, na hatumlaumu sana, kwani hakuna aliyempeleka kujifunza. Lugha ya ishara ni lugha kamili, ina maneno yake na sarufi yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeilazimisha serikali kuikuza, na katika shule za sekondari hutahiniwa kama somo. Na mafakihi wetu hawakungoja katiba. Tangu zamani vitabu vya fiqhi vimeikubali ishara ya bubu yenye kufahamika kuwa ni kama tamko la ulimi, katika kuuza na kununua, katika nikahi na talaka. Na Waturuki walipotunga Majalla, kanuni zao za hukumu zilizokamilika mwaka 1876, waliliandika jambo hilo kuwa kanuni. Ikiwa ishara ya mtu yatosha kufunga ndoa, haitoshi kufunzia Alhamdu?

Lakini hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na ndilo linalotufanya tuharakishe. Ubongo wa mtoto hushika lugha kwa wepesi katika miaka yake ya mwanzo, na kila mwaka unaopita mlango ule huzidi kuwa mwembamba. Mtoto anayesikia hupata lugha bure, jikoni na uani, bila ya kufundishwa. Kiziwi asiyepewa ishara mapema hukosa lugha yoyote, na asiye na lugha huchelewa hata katika kufikiri, na watu wakadhani ni mpungufu wa akili tangu kuzaliwa. Mtoto huyu ana miaka saba. Hana mwaka wa kupoteza. Na si yeye tu wa kujifunza. Mama ajifunze ishara, na baba, na dada zake, na bibi mwenye kumlea mchana, ama sivyo atarudi likizo katika nyumba asiyoweza kusema na mtu, akae pembeni akingoja shule ifunguliwe.

Tuje kwenye sitara. Neno hili ni tukufu, na sisi watu wa pwani twalipenda, lakini tumelitandika mahali si pake. Sitara ni kufinika aibu, na ulemavu si aibu wala si dhambi ya mtu. Kila msomaji aijua Sura Abasa na sababu ya kuteremshwa kwake: Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), kipofu, alikuja kutaka elimu wakati Mtume (s.a.w.) ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi, naye akakunja uso, na Mwenyezi Mungu akateremsha aya za kumzindua Mtume wake kwa ajili ya kipofu mmoja aliyekuja kusoma. Zingatieni kwamba kilichomleta ni elimu, hakuja kuomba sadaka. Na baadaye sahaba huyo huyo aliadhini Madina, na katika mwezi wa Ramadhani watu walikula daku mpaka waisikie sauti yake, na Mtume alipotoka safari alimwacha zaidi ya mara moja kuwa naibu wake mjini. Hakufichwa chumbani.

Wapo watakaosema huyo ni sahaba. Basi watazame wa karibu. Taha Hussein wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1889, alipata ugonjwa wa macho akiwa mtoto mdogo, akatibiwa na kinyozi wa kijijini, akapofuka. Alianzia chuo cha Kurani cha kijiji chao, akahifadhi, akaingia Azhar, na mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa nchi yake. Sheikh Abdulaziz bin Baz alipoteza macho yake katika ujana wake, akawa Mufti wa Saudia tangu mwaka 1993 mpaka alipofariki mwaka 1999. Wote wawili walikuwa na jamaa waliowashika mkono mpaka mlango wa darsa. Bila ya mkono ule tusingeyasikia majina yao.

Na kwa kuwa tumemtaja yule kinyozi, tuseme neno fupi. Dua na kisomo ni ibada, hatuvikatazi. Tunachokikataa ni mama kuzungushwa kwa waganga miaka mitatu akiambiwa mtoto amechezewa na jini, na miaka mitatu hiyo ikawa ndiyo ya dawa. Mtoto mchanga akigeuka manjano macho na mwili, apelekwe hospitali siku ile ile, maana manjano yakizidi huweza kumharibu masikio na ubongo. Sikio lenye kutoa usaha halitiwi mafuta ya nazi. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa huweza kunyoshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, bila ya upasuaji mkubwa, na jambo hili huwa jepesi zaidi likianzwa katika wiki za mwanzo.

Na majina tunayowapa! Mtoto ana jina zuri alilofanyiwa akika, na mtaa mzima wamwita kwa kilema chake. Sura Hujurat imelikataza jambo hili waziwazi.

Sasa tumsemeshe baba. Mara nyingi tumesikia, wala si khabari ya kuzua, kwamba mwanamume akizaliwa mtoto mlemavu humtupia mkewe lawama, kisha huanza kuchelewa kurudi, kisha huoa kwengine, na mwisho matumizi hukatika. Mama hubaki na mtoto mgongoni, hawezi kwenda kazini wala arusini wala mazikoni, kwani hapana wa kumwachia. Kila aliyesoma chuoni amekipitia kitabu kidogo cha Abu Shujaa. Basi na akifungue mlango wa nafaka. Atakuta kwamba nafaka ya mtoto fakiri humlazimu mzazi kwa udogo wake, au kwa ugonjwa na kilema kimzuiacho kuchuma, au kwa wazimu. Yaani mtoto mzima wa kawaida akibaleghe na akaweza kazi, baba aweza kuiondoa shingoni mwake nafaka yake. Lakini huyu asiyejiweza, hata akiwa na ndevu, nafaka yake ingali juu ya baba. Hii ndiyo sharia tunayowahifadhisha watoto wetu tangu utotoni, kisha twaisahau inapotuhusu. Mama aliyekatiwa matumizi asione haya kwenda kwa Kadhi. Na katika Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yamfungulia pia mlango wa mahakama ya watoto.

Kadhalika katika mirathi. Upofu haupunguzi fungu, wala uziwi, wala upungufu wa akili. Tumeona nyumba zikigawanywa, na ndugu mlemavu akaambiwa, wewe tutakutazama. Asiyeweza kuisimamia mali yake huwekewa msimamizi mwaminifu, na mali hubaki ni yake. Kutazamwa si fungu la mirathi.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali la mama. Twaa ya mke kwa mume ni wajibu katika mema, na hakuna twaa kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Kumfunza mtoto lililo faradhi juu yake ni deni la wazazi wote wawili, na mume hana mamlaka ya kulizuia. Juu ya hayo, katika Kenya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imemlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule, na kumzuia ni kosa. Lakini tungemnasihi mama asianze kwa ugomvi. Atafute mzee anayesikizwa na mumewe, baba mkwe au imamu wa msikiti, waende wote watatu wakaione shule kwa macho yao. Wanaume wengi hukataa jambo wasilolijua, na husikia vyengine wakiona watoto wakisoma.

Wengine watauliza waanzie wapi. Kwa walioko Kenya, njia huanzia katika vituo vya tathmini vijulikanavyo kwa herufi EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Huko mtoto hupimwa masikio, macho, viungo na ufahamu, na mzazi huelezwa shule gani yamfaa. Usimpeleke mtoto shule kwa kukisia, maana wapo waliotiwa katika darasa la wenye upungufu wa akili, kumbe ni masikio tu. Kisha mtoto aandikishwe katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na apate kadi yake. Baraza hili hutoa misaada ya karo na vyombo kama viti vya magurudumu na fimbo nyeupe, na haliwezi kumpa asiyejulikana. Sheria mpya ya mwaka 2025 imechukua mahali pa ile ya mwaka 2003, na mzazi aliyezoea utaratibu wa zamani na aulize kilichobadilika. Shule tulizonazo pwani si haba: viziwi wana Ziwani katika Mombasa na Kibarani katika Kilifi, wasioona wana Likoni, wenye ulemavu wa viungo wana Port Reitz, na wenye mtindio wa ubongo wana shule ya Tom Mboya. Kwa walioko Tanzania Bara, haki hizi zimo katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na katika Dar es Salaam ziko Buguruni kwa viziwi na Uhuru Mchanganyiko. Unguja na Pemba wana jumuiya ya wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, ambayo wazazi wamo ndani yake. Na mama aliyekaa peke yake miaka, siku ya kwanza anapokutana na mama mwingine mwenye mtoto kama wake, hupata msaada ambao hapana ofisi yenye kuugawa.

Na kitu kimoja kidogo chenye kuvunja azma za wengi ni nauli. Karo huenda ikapatikana. Lakini mtoto wa kiti cha magurudumu hawezi kupanda matatu, na tuktuk kwenda na kurudi kila siku ni fedha nyingi kwa nyumba ya mvuvi au ya muuza mahamri. Tukilijua hili twaweza kulisaidia.

Sasa khofu ya baba juu ya dini. Hatuidharau, ni khofu ya Muislamu. Lakini tuseme kweli. Shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Ile ya Buigiri karibu na Dodoma ni kazi ya Waanglikana, mwaka 1950. Walipokuwa wakifanya hayo, sisi tulikuwa na misikiti, tulikuwa na wakfu za mashamba na majumba, na tulikuwa na wanavyuoni. Waliojenga tuwashukuru kwa wema wao, na sisi tufanye letu. Kumfungia mtoto nyumbani bila ya dini wala dunia hakuihifadhi dini yake. Kinachoihifadhi ni mwalimu wetu kuwaendea kule kule shuleni, kwa idhini ya wakuu, kila Jumamosi, awafunze udhu na sala kwa lugha yao.

Na vipofu nao wana msahafu wao. Maandishi ya nukta yalitungwa na Louis Braille wa Ufaransa, aliyepofuka utotoni kwa chombo cha kazi katika karakana ya babake. Aliyatangaza mwaka 1829. Nukta ni sita tu, na kwa kuzipanga hutoka herufi zote, za Kiarabu pia. Jambo la ajabu ni kwamba Kiarabu cha nukta husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mwalimu asimkataze mtoto akidhani amepindua Kurani. Vidole vyake vyaenda njia yake, na aya ni ile ile. Wala wazo la kusoma kwa kugusa si geni katika Uislamu. As-Safadi, aliyefariki mwaka 764 wa Hijra, ameandika kitabu kizima cha wasifu wa vipofu mashuhuri, na humo amemtaja Zaynuddin al-Amidi, mwanachuoni na muuza vitabu, aliyekuwa akisokota karatasi kwa umbo la herufi, akaibandika ndani ya jalada la kitabu, apate kukijua kwa kidole bei yake aliyokinunulia.

Ama fedha zitoke wapi? Katika tarehe ya Tabari imo khabari ya Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala tangu mwaka 86 mpaka 96 wa Hijra, kwamba aliwapa wenye maradhi na vilema posho ya kuwatosha wasiombe watu, akamwekea kila kiwete mtumishi na kila kipofu kiongozi. Leo jamaa aliye fakiri au maskini ana haki katika zaka, na kulea mtoto asiyejiweza ni mlango mmoja wa kuingilia ufakiri. Kisha kuna wakfu. Twaweka wakfu mazulia juu ya mazulia katika misikiti iliyojaa mazulia. Nani amesikia wakfu wa tuktuk, ya kuchukua watoto wanne wa mtaa kwenda shule na kuwarudisha? Au mashine ya kuandikia nukta? Au nyumba moja ambayo kodi yake yamlipa mwalimu wa ishara katika chuo? Kenya ina Kamisheni ya Wakfu, na Zanzibar ina ya kwake. Milango hiyo i wazi kwa mwenye kuusia jambo kama hili, na wasia ukiandikwa kwa kutaja kusudi lake, msimamizi hana budi kulifuata.

Kabla ya tuktuk ya wakfu kufika, mna ya bure. Mama mdogo aweza kukaa na mtoto asubuhi mbili kwa wiki, dadake apate kwenda sokoni na kulala usingizi. Imamu aweza kuomba seremala mmoja atie mteremko wa mbao penye ngazi ya msikiti. Vijana wa madrasa waweza kufunzwa ishara hamsini katika likizo moja.

Baba mmoja wa Pemba naye ametuuliza namna ya udhu na sala ya kijana asiyeweza kuinua mikono wala kukaa, na kama mamake aweza kumtawadhisha baada ya kubaleghe. Mas'ala haya yataka nafasi yake, na inshallah tutayaeleza mwezi ujao. Mwenye mengine ya mlango huu na atuletee kabla ya tarehe kumi.

Wassalaam.